Sindano ya kinga ya VVU: namna ya kuichagua, kuianza na hata kuiacha bila kujiletea balaa

Haya wagosi, pamoja na wageni wote mnaokula samaki wetu hapa Tanga, maswali ya hizi sindano za kujikinga na VVU yamekuwa mengi na majibu ya vijiweni ndo usiseme. Mara chanjo ya ukimwi imepatikana, mara ukichomwa umepona, mara inafunga uzazi. Zote tatu si kweli. Hii si chanjo wala si tiba, ni dawa ya jamii ya ARV anayopewa mtu ambaye HANA virusi, inakaa mwilini inaachia kidogokidogo kwa miezi, kirusi kikiingia kinakuta dawa ishafika kwenye damu na hakipati nafasi ya kuzaliana. Akina dada mnaotumia sindano ya uzazi ya miezi mitatu hamhitaji maelezo marefu, utaratibu ni uleule wa dozi moja inayokaa, tofauti ni kinachokingwa.

Wale ambao vidonge vya PrEP (vya kujikinga na VVU) vya kila siku vimewashinda hii inawahusu sana. Ila nasema mapema: sindano inakuondolea kumeza kila siku, haikuondolei kalenda. Watu wanaikimbilia wakidhani ukishachomwa ndo basi umemaliza, na hapo ndo patakapoharibika.

Vidonge kwanza, msividharau

Kidonge cha kinga chenye tenofoviri na emtrisitabini (Truvada ndo jina lililoanza kujulikana) kiliidhinishwa Marekani 2012, na hapa kwetu vidonge vya aina hiyo vinatolewa bure kupitia CTC (kliniki za huduma na tiba ya VVU) na wahudumu wa jamii. Ukivimeza sawasawa vinakinga vizuri sana. Shida ni hiyo sawasawa. Kulikuwa na utafiti mkubwa unaitwa VOICE, wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, vidonge vikaonekana havikusaidia, kuja kupima damu wakakuta chini ya theluthi moja ndo wana dawa mwilini. Dawa haikufeli, ilikuwa imebaki kwenye kopo.

Na mimi siwalaumu kabisa. Kopo la PrEP linafanana na la ARV, linalia kwenye pochi, wifi akilikuta kabatini jioni hiyo ukoo mzima unajua "unaumwa". Mvuvi anakwenda dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, wiki kadhaa na kila kitu kinalowa chomboni, kopo atalificha wapi na wenzake wanalala bega kwa bega? Dereva wa lori amekwama mpakani Horohoro anasubiri karatasi, dawa ameiacha Kange huku mjini. Mama ntilie anaamka saa kumi alfajiri, kumeza anakumbuka saa sita usiku, anasema basi kesho. Watu wa namna hii ndo waliofikiriwa zilipotengenezwa dawa za kukaa muda mrefu.

Lakini kama unameza vizuri na hakuna anayekusumbua, endelea na vidonge, hakuna zawadi ya kuchomwa sindano.

Njia zenyewe zikoje

Ya kwanza ni kabotegraviri, jina la dukani Apretude. Unachomwa kwenye tako, ndani kabisa ya msuli, miligramu 600 ndani ya mililita 3, ni dawa nyingi kidogo kwaiyo utaisikia. Ya pili unachomwa baada ya wiki 4, kuanzia hapo ni kila wiki 8, kwa hesabu za mtaani miezi miwili miwili. Dawa yenyewe imesagwa chembechembe ndogo mno zisizoyeyuka haraka, zinakaa kwenye msuli zinayeyuka polepole. Marekani waliiidhinisha Desemba 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) wakaipendekeza Julai 2022. Kwenye utafiti wa HPTN 084 uliofanyika kwa wanawake 3,224 wa nchi saba za Afrika, waliochomwa walipata maambukizi machache kuliko waliopewa vidonge, tofauti ni kama asilimia 88 hivi.

Ya pili ndo hii iliyotikisa dunia, lenakapaviri, jina la dukani Yeztugo. Hii ni mara mbili kwa mwaka. Haiingii kwenye msuli, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, sindano mbili siku hiyohiyo za mililita 1.5 kila moja. Inashambulia kapsidi, lile ganda linalobeba vinasaba vya kirusi, na hakuna ARV nyingine ya kawaida inayopiga hapo. Utafiti wa PURPOSE 1 uliwachukua wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda wa miaka 16 hadi 25, na kati ya 2,134 waliopewa lenakapaviri hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sifuri. Kundi la kidonge cha kawaida walikuwa 1,068 wakaambukizwa 16, na tena ilionekana wengi hawakuwa wanameza, hadithi ileile ya VOICE. PURPOSE 2, uliohusu zaidi wanaume wanaofanya ngono na wanaume na watu waliobadili jinsia katika nchi kadhaa, ulipata maambukizi 2 kwa watu 2,179. Marekani waliipitisha Juni 2025 na WHO wakaipendekeza Julai 2025 kwenye mkutano wa Kigali.

Halafu kuna pete ya uke ya dapivirini, ya silikoni laini, mwanamke anaiingiza mwenyewe kama anavyoingiza kidole, inakaa mwezi mzima hata kwenye hedhi na kwenye tendo, ikiisha mwezi anatoa anaweka mpya. Dawa inabaki zaidi hukohuko chini haisambai sana mwilini. Uzuri wake ni kwamba iko mikononi mwako, huhitaji nesi. Ubaya wake kinga ni ndogo, tafiti mbili zilizotoka 2016 zilionyesha inapunguza maambukizi kama asilimia 27 hadi 31, ingawa wanaoivaa bila kuitoatoa hupata zaidi, na haikingi ngono ya nyuma. WHO waliipendekeza 2021 kama nyongeza kwa wanawake. Mimi ningeiweka ya mwisho, ila kwa mwanamke asiyeweza kuonekana kliniki wala kumeza kitu, kitu ni bora kuliko patupu.

Vijiti vya mkononi vya kinga ya VVU bado vinahangaikiwa, kimoja chenye islatraviri kilisimamishwa baada ya dawa hiyo kuonekana inashusha chembe nyeupe za damu. Kidonge cha mara moja kwa mwezi nacho kiko kwenye majaribio makubwa tangu 2025. Hivyo msivingoje, ukijikinga leo kwa kilichopo inatosha.

Kabla hujaenda, kaa ujiulize

Usianze na "ipi ina nguvu", anza na maisha yako yalivyo. Miezi miwili ijayo utakuwa wapi? Miezi sita ijayo je? Kama ni mtu wa dago, leo Kipumbwi kesho Pemba, ya miezi miwili itakutesa, ile ya miezi sita inakupa nafasi ya kupanga. Kama ni kibarua wa mradi kule Chongoleani na mkataba unaisha unarudi mkoani kwenu, hakikisha kule unakorudi kuna kituo chenye dawa hiyohiyo. Binti wa chuo anayekuja na kuondoka na likizo naye apige hesabu zake.

Jiulize pia kama unahitaji. Kama mwenza wako anaishi na VVU, anameza ARV vizuri na kipimo cha wingi wa virusi kimesoma havipimiki, huyo hakuambukizi kwa ngono, mnaweza msihitaji sindano kabisa. Kinga inawafaa zaidi pale mwenza ndo kwanza ameanza dawa, au humjui hali yake, au unajua fika kwamba yuko na wengine na kondomu hataki kuisikia. Msione haya kwenye hili, manesi wa CTC wameshasikia mengi kuliko hayo yako.

Kuhusu upatikanaji, vituo havilingani. Vidonge viko sehemu nyingi, sindano zinaingia nchi kwa nchi na kituo kwa kituo kutegemea mgao, kwaiyo kabla hujapanda bodaboda kwenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya Makorora piga simu au mtume mwelimishaji rika akuulizie. Swali lisiwe "mna sindano?" tu. Uliza hivi: "Mna ipi, na dozi yangu inayofuata itakuwepo?" Hilo la pili ni muhimu kuliko la kwanza, nitaeleza sababu kule chini.

Bei? Marekani lenakapaviri ya kinga ilitangazwa kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, usishtuke hiyo si ya kwetu. Kampuni ya Gilead ilitoa leseni kwa viwanda sita vitengeneze ya bei nafuu kwa nchi 120, na Septemba 2025 ikatangazwa kwamba kuanzia 2027 ile ya nafuu itauzwa kama dola 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwenye programu za serikali na wafadhili mteja halipi. Mtu akikufuata na sindano kwenye mfuko wa rambo anataka elfu hamsini, mkimbie.

Siku yenyewe

Kitu cha kwanza ni kipimo cha VVU, na hapa hakuna kubembelezana. Ukiwa tayari una virusi hujui, halafu ukachomwa dawa moja peke yake, virusi vinajifunza kuishi nayo, vinakuwa sugu, na dawa za kutibu zinapungua. Ndo maana utapimwa kabla ya kila sindano na sio ya kwanza tu. Na kama wiki mbili tatu zilizopita ulijiingiza kwenye hatari na sasa una homa, koo linauma, vipele, tezi zimevimba, USINYAMAZE ukasema ni malaria, mwambie nesi, maana maambukizi mapya sana kipimo cha haraka kinaweza kisiyaone.

Kama tukio lenyewe ni la jana au juzi, sindano ya kinga siyo inayokuhusu leo. Unakwenda kituo chochote chenye CTC au hospitali ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndo bora, unapewa PEP, dawa za dharura za kuzuia maambukizi baada ya tukio, unameza siku 28, ukimaliza unapimwa, ukiwa salama ndo mnaongea habari ya sindano.

Mambo mengine ya kumwambia nesi hata asipouliza: kama unatumia dawa za TB, maana rifampisini inaivunja dawa hii haraka mwilini na kinga inashuka, kabotegraviri hairuhusiwi nayo kabisa na lenakapaviri inahitaji dozi za ziada kwa mpango wa daktari. Dawa kadhaa za kifafa ni vilevile, kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni. Taja na za miti shamba, usione aibu, hakuna atakayekugombeza. Na homa ya ini B, kama unayo na ulikuwa kwenye vidonge vya tenofoviri usihame kienyeji, tenofoviri ilikuwa inaishikilia na hiyo homa ya ini, sindano hizi haziishikilii, ukiacha ghafla ini linaweza kuwaka. Wajawazito na wanaonyonyesha semeni ili mshauriwe, kwenye PURPOSE 1 waliopata mimba waliendelea kwenye utafiti, na uzazi haufungwi na dawa hii. Na wala haizuii mimba, kama unatumia njia ya uzazi endelea nayo.

Sasa wa lenakapaviri sikilizeni hapa maana ndo panaposahaulika. Siku ya sindano unapewa na vidonge, viwili vya miligramu 300 unameza siku hiyohiyo, na viwili vingine KESHO yake ukiwa nyumbani. Sindano inaingia kwenye damu taratibu mno, vile vidonge vinne ndo vinapandisha dawa haraka mwanzoni. Ukisahau vya kesho, meza mara tu ukikumbuka, na umwambie nesi. Vinamezwa na chakula au bila chakula. Kwa hiyo waliofunga Ramadhani wanaweza kumeza baada ya kufuturu, na kama una wasiwasi na sindano mchana wa kufunga ongea na sheikh wako mapema au upange tarehe nje ya mwezi, usije ukairuka kimyakimya.

Ukitoka pale

Ya tako itauma siku kadhaa, utakaa upande kama umepigwa teke, panado inatosha. Usipakande wala usipake dawa ya moto. Wa lenakapaviri utaona kinundu kigumu pale tumboni, kinaweza kukaa miezi, na hicho ndo kifuko cha dawa chenyewe kinaachia polepole. Usikifinye, usikikande, usimpelekee mtu akutumbulie! Kikiwa chekundu, cha moto, kinatoa usaha, au umepata homa, rudi kituoni siku hiyo. Vipele mwili mzima na uso kuvimba na kupumua kwa shida ni dharura, usingoje asubuhi.

Kondomu wiki ya kwanza tumia tu. Na baada ya hapo bado kaswende, kisonono, klamidia ziko palepale, sindano hii haizijui.

Tarehe

Wa kabotegraviri una nafasi ya siku 7 mbele au 7 nyuma ya tarehe yako. Wa lenakapaviri ni wiki 26, na nafasi ni wiki 2 mbele au nyuma. Watu wanasema "miezi sita" halafu wanahesabu kwa kukisia, usikisie. Mfano umechomwa tarehe 5 Januari, wiki 26 ni tarehe 6 Julai, kwaiyo una kuanzia 22 Juni mpaka 20 Julai. Mwambie nesi akuandikie zote tatu, ya mapema kabisa, yenyewe, na ya mwisho. Weka kwenye simu kwa jina lisilo na maana kwa mwingine, "mkutano wa vikoba" au chochote. Simu za kwetu zinaibiwa na kuanguka baharini, kwaiyo mpe tarehe na mtu mmoja unayemwamini au mwelimishaji rika wako.

Unajua kabisa hutakuwepo? Nenda mapema, usingoje uchelewe. Kama hata mapema haiwezekani kuna vidonge vya kuvushia, wa lenakapaviri anaweza kumeza kidonge kimoja cha miligramu 300 kila wiki mpaka atakaporudi, isizidi miezi 6, wa kabotegraviri naye ana utaratibu wa vidonge, ila yote hayo yanapangwa na kliniki kabla hujaondoka. Wa lenakapaviri ukishapitisha wiki 28 bila sindano wala vidonge, unapimwa upya na unaanza upya kabisa na vile vidonge vinne.

Kuacha

Hapa ndo nilisema nitarudi. Kidonge ukiacha kinatoka mwilini ndani ya muda mfupi. Sindano haitoki hivyo. Kabotegraviri inaweza kubaki mwilini mwaka mzima na zaidi baada ya sindano ya mwisho, inashuka taratibu, na kinachobaki ni kidogo mno kukukinga lakini kinatosha kumfundisha kirusi usugu. Lenakapaviri nayo ina mkia wake mrefu. Maana yake mtu aliyechomwa mara moja akapotea, huku anaendelea na maisha yaleyale, yuko sehemu mbaya kuliko anavyodhani, anajiona amekingwa na hajakingwa, na akiambukizwa matibabu yanaweza kuwa magumu zaidi.

Ndo maana nilisema uliza dozi inayofuata kama itakuwepo. Ukiambiwa mgao haueleweki na wewe uko kwenye hatari kila wiki, kwa maoni yangu bora vidonge vya uhakika kuliko sindano moja ya bahati.

Ukiamua kuacha kwa sababu unataka tu, au umeolewa, au umehama, au kinundu kimekuchosha, nenda useme "nataka kuacha", watakupima na kama hatari ipo watakuhamishia kwenye vidonge vya kila siku kuanzia wakati sindano ijayo ingepaswa kuchomwa. Kama hatari imeisha kweli huhitaji vidonge, ila endelea kupima kwa miezi kadhaa, vipimo vya JIPIME unaweza kufanyia chumbani kwako.

Na ukihama mkoa usiondoke mikono mitupu, omba kadi au hata kikaratasi chenye mhuri kimeandikwa jina la dawa, dozi, sehemu uliyochomwa, tarehe ya mwisho na majibu ya kipimo cha siku hiyo. Kipige na picha. Nesi wa Mtwara au Mwanza akikiona anajua pa kuanzia, bila hicho utarudishwa mwanzo na yeye hatakuwa na kosa.